Moyo Hutoa Kadiri Unavyopokea

Mwezi huu tunazungumza juu ya moyo, lakini si juu ya ugonjwa wa presha ambao wengi wenu mmeusikia mara nyingi. Tutajifunza jambo moja linalosahaulika: moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haujaipokea. Ni jambo dogo kulisema, lakini kwa kulijua au kutolijua watu hupona au hufa, na unaweza kulitumia nyumbani hata kama huna dawa yoyote.

WAGONJWA WAWILI WA USIKU MMOJA

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini baada ya kupata stashahada ya uuguzi. Ulikuwa wakati wa masika, nami nilikuwa zamu ya usiku wodini pamoja na mhudumu mmoja. Saa tatu usiku aliletwa mama kijana aliyeharisha na kutapika tangu alfajiri. Macho yake yalikuwa yamedidimia, mikono ilikuwa ya baridi, mapigo ya moyo yalikuwa 130 kwa dakika, na namba ya juu ya presha ilikuwa 70. Nilimtundikia dripu nikaiachia iende kasi.

Kabla ya saa tano aliletwa mzee mmoja, hoi kabisa. Mikono yake nayo ilikuwa ya baridi, mapigo 120, namba ya juu ya presha 80. Binti yake aliitazama chupa ya yule mama, akaniuliza, "Sista, mbona baba hatundikiwi maji? Naye amelegea vile vile." Nikaona ana haki. Dalili zilikuwa zile zile, basi nami nikampa tiba ile ile.

Baada ya nusu saa yule mama alifumbua macho akaomba maji ya kunywa. Lakini mzee alikurupuka, akaketi kitandani akihangaika kupata hewa, akikohoa povu lenye wekundu. Daktari aliyeitwa alikuja mbio. Alifunga dripu, akamketisha mzee wima na kumshusha miguu pembeni mwa kitanda, akampa oksijeni na sindano ya kukojosha. Mungu alijalia, mzee akavuka usiku ule, na baada ya wiki mbili akarudi nyumbani.

Daktari hakunifokea. Aliniambia tu, "Chupa ni ile ile, lakini moyo si ule ule." Kisha akanionyesha mambo niliyoyapita bila kuyaona: miguu iliyovimba, mishipa ya shingo iliyotuna, na mito mitatu ambayo binti yake aliibeba kutoka nyumbani kwa sababu baba hakuweza kulala chali. Somo la leo ndilo somo alilonifundisha usiku ule.

MOYO HUJAA KWANZA, KISHA HUSUKUMA

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kama ngumi yake. Una vyumba vinne, viwili vya juu vya kupokea damu na viwili vya chini vya kuisukuma. Upande wa kulia hupokea damu inayorudi kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto hupokea damu iliyotoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kati ya vyumba iko milango iitwayo vali, ambayo hufunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma.

Kila pigo lina sehemu mbili. Kwanza moyo hulegea na kujaa damu, kisha hujikaza na kuisukuma. Mtu akiwa ametulia, muda wa kujaa ni mrefu kuliko muda wa kusukuma. Chumba cha chini cha kushoto hujaa mililita 120 hivi, nacho husukuma kama mililita 70. Nyingine hubaki. Sasa fanya hesabu: mililita 70 mara mapigo 70 kwa dakika ni mililita 4,900, yaani karibu lita tano. Hiyo ni karibu sawa na damu yote aliyo nayo mtu mzima.

Je, moyo hujuaje usukume damu kiasi gani? Mwaka 1895 Mjerumani Otto Frank alichunguza moyo wa chura, akaona kwamba ukijazwa zaidi kabla ya pigo, pigo lenyewe huwa na nguvu zaidi. Kisha Mwingereza Ernest Starling na wenzake huko London walilichunguza jambo hilo katika moyo wa mbwa, na mwaka 1914 walitangaza matokeo yao. Mpaka leo wauguzi na madaktari hufundishwa kanuni hiyo kwa majina ya mabwana hao wawili.

Mtoto yeyote mwenye manati anaijua kanuni hiyo. Ukivuta mpira kidogo, jiwe huanguka karibu. Ukiuvuta zaidi, jiwe huenda mbali. Nyama ya moyo ni kama mpira huo: damu inayoingia huivuta, nayo ikivutwa hujikaza kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo moyo wenye afya hutoa kadiri unavyopokea. Ukipokea kidogo hutoa kidogo, ukipokea zaidi hutoa zaidi. Ndivyo upande wa kulia na wa kushoto unavyokwenda sawa bila mmoja kumlemea mwenzake.

Lakini mpira wa manati ukichakaa, hata uuvute namna gani, jiwe haliendi mbali. Moyo mgonjwa ni vivyo hivyo. Ukiuongezea damu, hauongezi nguvu ya kutosha, na damu isiyosukumwa hujazana nyuma yake, mapafuni na miguuni. Yule mama alikuwa na mpira mzima ambao haukuvutwa. Mzee alikuwa na mpira uliolegea, nami nikauvuta zaidi.

MOYO USIOJAA

Ukienda kisimani wakati wa kiangazi ukakuta maji yamepungua, utapiga pampu haraka haraka, lakini kila pigo litaleta maji kidogo. Moyo hufanya hivyo hivyo. Ikiwa kila pigo linatoa mililita 40 tu badala ya 70, moyo utapiga mara 120 kwa dakika ili kupata karibu zile lita tano. Ndiyo maana mapigo huenda mbio mapema, hata kabla presha haijashuka. Usingoje presha ishuke ndipo useme mgonjwa ana hali mbaya. Na mapigo yakizidi mno kuwa ya haraka, moyo hukosa hata muda wa kujaa, na hali huharibika zaidi.

Hizi ndizo sababu tunazoziona mara nyingi:

1. Kupoteza maji. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Usingoje akauke. Mara tu mtu anapoanza kuharisha mpe maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Kama huna pakiti, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa juu, katika lita moja ya maji safi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200, na mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha mpe tena kidogo kidogo. Mtoto anyonye na ale kama kawaida, na zahanati watampa vidonge vya zinki. Akilegea sana au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali upesi.

2. Kupoteza damu. Adui mkubwa hapa ni damu ya baada ya kujifungua. Mama anaweza kuonekana anaongea vizuri huku mapigo yake yakiwa 120, kumbe moyo unapiga pampu karibu na kisima kitupu. Kama amejifungulia njiani au nyumbani na damu inatoka nyingi, sugua tumbo chini ya kitovu mpaka mfuko wa uzazi uwe mgumu kama mpira, mtoto awekwe anyonye, mama alazwe chini na miguu iinuliwe, afunikwe asipate baridi, na gari litafutwe wakati huo huo. Usimwache aketi wala atembee kwenda barabarani.

3. Damu kubaki miguuni. Sehemu kubwa ya damu yetu imo katika mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni. Mtu akisimama, nusu lita au zaidi hushuka kuelekea miguuni. Akitembea, nyama za miguu huikamua damu hiyo ipande. Akisimama wima bila kujongea, hasa kwenye joto na tumbo tupu, hubaki huko. Hivyo huanguka mwanafunzi kwenye paredi, mwanakwaya mstarini, na kijana wa kipaimara katika misa ndefu.

Na hapa tunafanya kosa moja kila mara. Mtu akizimia, watu humshika makwapani wakamsimamisha, au humketisha kitini wakampepea. Wanamzuilia damu isifike moyoni! Kule kuanguka kwenyewe ni dawa. Mwache alale chini, inua miguu yake juu ya kiti au begani kwako, legeza nguo zilizobana, na usimtie maji kinywani mpaka azinduke sawasawa. Akizinduka, abaki amelala kwa dakika chache, kisha aketi, kisha asimame. Asipozinduka kwa dakika moja au mbili, au kama ameanguka huku akikimbia au akifanya kazi, apelekwe hospitali, maana hiyo huenda ni shida ya moyo wenyewe.

4. Mama mjamzito kulala chali. Kuanzia mimba ya miezi mitano hivi, mfuko wa uzazi huwa mzito. Mama akilala chali, huugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Huona kizunguzungu, jasho la baridi na kichefuchefu, na damu ya mtoto hupungua pia. Dawa yake haiuzwi: ageuke alalie ubavu, hasa wa kushoto. Akizimia, alazwe hivyo hivyo.

5. Moyo kubanwa au mlango kuwa mwembamba. Kifua kikuu huweza kujaza maji katika mfuko unaouzunguka moyo. Damu ipo, moyo ni mzima, lakini hauna nafasi ya kujaa. Mgonjwa huyu huhitaji kutolewa maji hayo hospitali na kutumia dawa za kifua kikuu mpaka amalize. Kwa wengine vali iliharibiwa na homa ya rumatiki, inayofuata baada ya maumivu ya koo utotoni. Mlango kati ya chumba cha juu na cha chini ukiwa mwembamba, damu hupita polepole na huhitaji muda mrefu wa kujaza. Ndiyo maana binti aliyekuwa akiishi vizuri huanza kuishiwa pumzi anaposhika mimba, kwa sababu mimba huongeza damu na kuharakisha mapigo. Aliyeandikiwa sindano ya penisilini ya kila baada ya wiki tatu au nne asiikose hata moja.

MOYO ULIOJAA KUPITA KIASI

Sasa turudi kwa yule mzee. Moyo uliochoka huitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Huletwa na presha ya miaka mingi isiyotibiwa, vali mbovu, au ugonjwa wa nyama ya moyo. Wako hata kina mama vijana ambao moyo wao hulegea mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Wengi huambiwa ni uchovu wa uzazi, au kwamba wametupiwa kitu. Mama aliyejifungua na sasa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi hajatupiwa kitu. Mleteni hospitali.

Dalili zake ni hizi: miguu kuvimba mpaka ukibonyeza kidole kinaacha shimo, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, kuhitaji mito mingi, kuamka usiku ukitafuta hewa dirishani, kikohozi kinachozidi ukilala, tumbo kujaa, uzito kuongezeka ghafla.

Mgonjwa wa namna hii usimlaze chini wala kumwinua miguu. Mketishe wima, miguu ining'inie, ili damu inayorudi ipungue na mapafu yapumue. Angalieni basi: kanuni ni moja, lakini matumizi ni mawili. Aliyepungukiwa damu au maji alazwe na ainuliwe miguu. Aliyefurika na kukosa pumzi aketishwe na ashushwe miguu.

Nyumbani, mgonjwa wa moyo afanye mambo manne. Kwanza, anywe dawa zake kila siku, hata akijisikia nafuu, pamoja na vidonge vya kukojosha. Wengi huviacha siku ya safari kwa kuogopa kukojoa njiani, na jioni wanaletwa hoi. Pili, apunguze chumvi, maana chumvi hushika maji mwilini. Asiongeze chumvi mezani, apunguze dagaa na samaki wa chumvi, vidonge vya kuungia mchuzi, na magadi katika maharage. Tatu, kama kuna mizani, ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, hayo ni maji, si mafuta. Arudi hospitali hata kama bado hajavimba. Nne, amuulize daktari anywe maji kiasi gani, asijipangie mwenyewe.

DRIPU SI CHAKULA WALA HESHIMA

Wasomaji wangu, hakuna ombi tunalolisikia wodini kama hili: "Mtundikieni maji." Wengine huona mgonjwa asiye na chupa juu ya kitanda hajatibiwa. Wengine huwekewa dripu kwenye maduka ya dawa bila kupimwa. Basi tuichunguze chupa hiyo. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ina gramu nne na nusu za chumvi, karibu kijiko kizima cha chai. Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, ambazo hazishibishi hata mtoto. Dripu ni namna ya kuujaza moyo. Kwa mwenye kisima kikavu ni uhai. Kwa moyo uliolegea ni mzigo.

Hata kwa watoto tulijifunza jambo kubwa. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo Kilifi, Lacor na Teule ya Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri walihusishwa. Baadhi walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine hawakupewa hivyo. Wengi tuliamini kwamba waliojazwa haraka wangepona zaidi. Ikawa kinyume. Kati ya kila watoto 100 waliojazwa haraka, zaidi ya 10 walifariki katika saa 48. Kati ya wale wasiojazwa haraka, walifariki kama 7. Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo. Hao wakikauka bado wanahitaji kurudishiwa maji. Lakini mtoto mwenye malaria kali, au mwenye utapiamlo mkali, hajazwi ovyo. Kwa hiyo muuguzi akikwambia mwanao hahitaji dripu ya kasi, usidhani anambania. Huenda anamwokoa.

UNAVYOWEZA KUPIMA NYUMBANI

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyetulia akizidi 100, tafuta sababu. Watoto wadogo hupiga haraka zaidi kwa kawaida. Kisha bonyeza ukucha wake kwa sekunde tano mpaka uwe mweupe, uachie. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu na mikono ni ya baridi, damu haifiki vizuri. Halafu jiulize maswali matatu: Je, amepoteza maji au damu? Je, miguu imevimba? Je, anaweza kulala chali? Majibu hayo mwambie muuguzi mara tu mnapofika. Yule binti wa mzee alikuwa na jibu mikononi mwake, ile mito mitatu. Mimi sikuuliza, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtu akizimia kanisani au shuleni kwetu, huwa tunamfanyia nini? Tubadilishe nini?
2. Kwa nini mapigo ya moyo huenda mbio mtu anapopoteza damu?
3. Ni mgonjwa yupi alazwe na kuinuliwa miguu, na ni yupi aketishwe? Kwa nini?
4. Katika jumuiya yetu, yupo mtu anayelala kwa mito mingi na hajapimwa? Nani atamsindikiza hospitali wiki hii?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya maumivu ya koo kwa watoto na jinsi yanavyoweza kuharibu vali za moyo.